Wimbo Uanzie Mdomoni: mazungumzo na walimu wa kwaya wanaotunga

Tumsifu Yesu Kristo! Milele, amina. Nawashukuru walimu wenzangu, na nyie wa mbali zaidi mliopanda daladala mbili tatu kufika hapa Jumamosi asubuhi, siku ambayo mtu angeweza kulala au kufua. Niseme mapema kwamba mimi si padre na wala sikusomea muziki chuoni, mimi ni fundi umeme, kutunga nafanya jioni nikitoka kazini na Jumapili mchana baada ya misa, na nikiangalia humu ndani naona walimu wa shule, wahasibu, manesi, wenye maduka, yaani hakuna hata mmoja anayelipwa mshahara wa kutunga. Na hivyo ndivyo muziki wa kanisani huku kwetu ulivyojengwa, na watu wa namna yetu, na nawaomba mtu asiwaambie ni muziki wa daraja la pili.

Nianze na mtu mmoja. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, kiongozi wa kwaya, alafu pembeni alikuwa anapiga picha kwa kupenda tu. Mwaka 1897 akatunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake, kwa nota za sol-fa, zile zinazoandikwa kwa herufi, d kwa do, r kwa re, m kwa mi, hizi hizi tunazotumia sisi, kwa Kixhosa. Leo tuni ile ndo tunasimama nayo Watanzania wote tukiimba Mungu ibariki Afrika, Zambia wanaimba tuni hiyo hiyo kwa maneno yao, na Afrika Kusini imo ndani ya wimbo wao wa taifa. Mwalimu wa kwaya ya watoto! Hakukaa akawaza natungia mataifa, alikuwa na watoto mbele yake wanasubiri kitu cha kuimba. Nataka mshike hapo, manake ndo jambo langu lote la leo: tungia midomo uliyonayo mbele yako, na wimbo uanzie kwenye mdomo kabla haujafika kwenye kinanda.

Na hizi sol-fa nazo historia yake ni hiyo hiyo. Aliyeanza ni Sarah Glover, alikuwa anafundisha watoto kuimba pale Norwich, Uingereza, baadaye mchungaji John Curwen akaichukua miaka ya 1840 akaiboresha akaieneza, wamisionari wakaibeba mpaka Afrika. Kwa hiyo ilitengenezwa makusudi kwa ajili ya watu wasio na piano nyumbani, mtu anaweza kuandika sauti nne kwenye daftari la mistari la kawaida kwa kalamu ya bik akiwa kwenye basi, na kwaya ya kigangoni ikaisoma. Kwa hiyo kijana usione haya kwamba husomi nota zile za mistari mitano, ukiweza kujifunza jifunze, ni vizuri sana, ila usikae miaka unasubiri hilo ndo uanze kutunga.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kiswahili kina mkazo, na mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. BWAna. MUngu. mwoKOzi. mchuNGAji. Mtoto wa miaka mitatu anaujua bila kufundishwa. Lakini chukua tenzi nyingi tulizotafsiriwa kutoka Kiingereza na Kijerumani, tuni zile zilitungwa kwa lugha ambazo mstari mara nyingi unaanza na silabi nyepesi na unaishia na silabi nzito, kwetu ni kinyume, Baba, Yesu, Roho, yote yanaanza na uzito na kuisha kwa wepesi. Ndo maana ukisikiliza vizuri kuna mahali tunaimba yeSU, baBA, na mwisho wa mstari tunavuta silabi ya mwisho mpaka inakuwa nzito kuliko neno lenyewe. Sisemi tuziache, nazipenda, mama yangu alizikwa nazo. Nasema waliotafsiri walikuwa wamefungwa na tuni iliyokuwepo tayari, wewe unayetunga upya hujafungwa na mtu, hiyo kero huna sababu ya kuirudia.

Angalieni ubaoni. Zaburi ya 23, "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Usishike kinanda. Iseme kwanza, iseme kama unamwambia jirani, mara nyingi, tembea nayo hadi kituoni. Utasikia yenyewe: BWAna NDIye mchuNGAji WAngu. Sasa weka mapigo manne. Bwa pigo la kwanza, na pigo la pili, ndi-ye wanagawana pigo la tatu nusu kwa nusu, m-chu wanagawana la nne, alafu NGA inaangukia kichwa, yaani pigo la kwanza, la kipande kinachofuata, pale penye uzito, ji la pili, WA la tatu, ngu la nne. Hakuna silabi iliyoburuzwa. Tuni nayo ifuate sauti ilivyopanda na kushuka ulipokuwa unasema, nimeandika hivi, nukta mbili zinatenga mapigo, nukta moja inagawa pigo nusu kwa nusu:

| m :r | m.r :m.f | s :f | m :r |

Mmeona s, ile ya juu kabisa, imekaa wapi? Kwenye NGA. Na mstari umeishia r, haujafika nyumbani, kwa sababu sentensi haijaisha, msikilizaji anasubiri huyo mchungaji anafanya nini. Nusu ya pili, mapigo mawili ya mwanzo nyamaza kwaya ivute pumzi, alafu si-ta pu-ngu haraka haraka kwa nusu nusu, KI kichwa cha kipande, wa-na, KI, tu:

|   :   | d.d :r.r | m :r.t, | d :d |

Tu ya mwisho ni pigo moja tu la kawaida, inaachiwa. Ukimwona mwalimu anaivuta mapigo manne mwambie taratibu aache.

Alafu ile m ya mchungaji. Ni silabi kamili, ina haki ya nota yake, lakini midomo imefungwa, huwezi kuipigia kelele, kwa hiyo mpe nota fupi na usimpe nota ya juu kabisa. Hivyo hivyo n ya nchi, m ya mtu, m ya mkate. Nimeona wimbo mzuri kabisa wa komunyo ambao mtunzi aliweka m ya mkate mapigo mawili kwenye nota ya juu ya soprano, wale kinamama wakawa wanaimba "muuu-kate" kila Jumapili, na walikuwa sahihi wao, kwa sababu hakuna binadamu anaweza kuimba ile m kwa nguvu. Kwaya ikikuongezea silabi ambayo hukuandika, rudi kwenye karatasi yako uangalie, mara nyingi wanakwambia kitu.

Na hapa niseme kuhusu kompyuta, manake vijana wananiuliza programu gani ya kuandikia nota. Tumia MuseScore, ni ya bure na inatosha. Waliokuwa wanatumia programu ya Finale mnajua wenyewe kampuni ilitangaza Agosti 2024 kwamba haiiendelezi tena, kwa hiyo kazi zenu zitoeni kama faili za MusicXML, ambazo programu nyingine za nota zinazifungua, na PDF mapema kabla mashine hazijakataa kufungua. Ila kitu kimoja, kompyuta haipumui. Inaimba m kwa nguvu, inapiga la ya juu mara ishirini haichoki, inakwambia wimbo uko sawa na wewe unafurahi, kumbe haujaimbwa na mtu. Rekodi sauti yako mwenyewe kwenye simu ukiimba kila sauti kuanzia soprano mpaka besi, hata kama besi huifikii imba oktavu juu, ukikwama pale na wao watakwama pale pale.

Kwaya uliyonayo. Hapa nataka nikae kidogo. Mwanakwaya wa misa ya kwanza saa 12 asubuhi ameamka saa 10, sauti bado iko usingizini, ukimwandikia soprano wa namna hiyo nota za juu kwenye wimbo wa mwanzo unamwonea. Wimbo wa mwanzo ukae katikati, juu panda kwenye matoleo au shangilio huko watu washachangamka. Kama una waimbaji wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, wawili tu na mmoja anasafiri safiri, basi andika sauti tatu, hakuna amri ya Mungu inayosema lazima nne! Sauti tatu zilizosimama ni bora mara mia kuliko nne ambayo moja inatafutwa. Na alto jamani, alto si mabaki. Watu wengi wanatunga soprano, wanatunga besi, wanajaza tena, alto anapewa s, s, s, s ukurasa mzima. Mpe na yeye njia ya kupita, hata akorde zako zitapumua.

Na kiitikio cha zaburi ni kitu kingine kabisa na wimbo wa kwaya. Kile si cha kwaya, ni cha waumini, wanakisikia mara moja na wanatakiwa wakirudie. Silabi moja nota moja, upana usizidi oktavu moja, na kiishe kabla mtu hajasahau kilivyoanza. Kipimo changu ni wazee wa benchi za nyuma kabisa, wakikidaka mara ya kwanza kimepita.

Kuhusu maneno nitapita haraka kwa sababu Padre atafundisha mchana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 121, inasema maneno ya nyimbo yachotwe hasa kwenye Maandiko Matakatifu na vyanzo vya liturujia. Na Utukufu na Mwanakondoo wa Mungu maneno yake hayabadilishwi ili yakae kwenye tuni yako, tuni ndo inabadilika. Namba 119 ya hati hiyo hiyo inasema muziki wa asili wa watu upewe heshima yake, na mimi naona hatujaitumia ile ruhusa hata nusu. Nendeni Dodoma mkasikilize Wagogo wanavyopanga sauti, sauti zilizoachana nota tano na nota nne zinatembea pamoja sambamba, kitu ambacho kitabu cha harmonia cha Kizungu kinakukataza ukurasa wa kwanza, na pale ni utamu mtupu, na hawakuanza jana. Ngoma za kwenu zinaenda 6/8, wewe kila wimbo unaandika 4/4, kwa nini? Bibi yako anaimba akipepeta mchele, hizo ni nota, zichukue.

Jambo la jina. Andika jina lako kwenye karatasi, andika na mwaka, andika toleo kama umerekebisha. Si majivuno. Wimbo unapigwa picha unatumwa WhatsApp, mtu anaunakili kwa mkono anakosea nota mbili, wa pili anakosea nyingine, mwaka kesho unausikia parokia nyingine na juu kimeandikwa "mtunzi hajulikani" na waimbaji wa tena wamepoteza njia. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na hata kama hutaki hela, mimi sitaki hela, kuna faida ya watu kujua wamuulize nani hii nota ilikuwa fa au fe, ile fa iliyopandishwa nusu. Sontonga alifariki mwaka 1905 akiwa na miaka thelathini na kitu, kaburi lake likapotea kwa miaka mingi mpaka walipolipata kwenye makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, Septemba 1996 likatangazwa kumbukumbu ya taifa. Mtu ambaye nchi kadhaa zinasimama kwa tuni yake, walihangaika hata kumtafuta alipolala. Weka nakala, moja nyumbani, moja kwenye maktaba ya kwaya, moja kwenye barua pepe.

Mwisho wa maelezo, tuje kwenye vitendo, manake mtunzi haumbwi na kusikiliza watu wakiongea. Ule mstari wa ubaoni una soprano tu. Kila meza ina karatasi, mna dakika ishirini, mtafute besi kwanza, alafu tena na alto, Do ni G, na kabla hamjaandika kitu chochote imbeni kwa sauti, msione aibu mkigongana. Mkimaliza kila meza itasimama mbele iimbe ya kwake, na wengine wataifundishwa hapo hapo. Wenye besi waje upande huu wa dirisha, alto hapa katikati, na yule dada wa kinanda naomba utupe G.