Kabla Majibu ya Maabara Hayajarudi

Ndugu waganga wafawidhi, maafisa afya, na ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii, karibuni.

Marburg, homa ya virusi inayoua, ilitangazwa wilayani Biharamulo tarehe 20 Januari 2025, baada ya sampuli kupimwa katika maabara tembezi ya Kabaile, Kagera, na kuthibitishwa Dar es Salaam. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana alikuwa ameanza kuugua tarehe 9 Desemba 2024. Hesabuni wenyewe: wiki sita. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, wagonjwa walikuwa 10 na wote walifariki, 8 kati yao kabla ugonjwa haujathibitishwa. Ndiyo maana leo nauacha kando mpango wa dharura wa halmashauri, ule wa kurasa nyingi. Nataka tuongee juu ya zahanati, siku ambayo hakuna anayejua kinachowaua watu.

Mwanzoni Marburg haina alama yake peke yake. Homa kali, kichwa, viungo kuuma, kutapika, kuhara: malaria iko hivyo, taifodi iko hivyo. Kutokwa damu huja baadaye, na wengine hawatokwi kabisa. Anayesubiri damu amekwishachelewa. Basi anayepokea wagonjwa aulize: homa ilianza lini? Nyumbani au jirani nani mwingine ameugua au amekufa? Katika wiki tatu zilizopita ulikwenda msiba gani, ulisafiri wapi? Wiki tatu, kwa sababu virusi huweza kukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili. Homa iliyogoma dawa za malaria, tena kwenye nyumba iliyofiwa karibuni, inatosha kumpigia simu mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya siku hiyo hiyo. Namba yake ibandikwe ukutani. Ikiwa imo kwenye simu ya mganga mfawidhi tu, siku akienda kikao namba nayo imekwenda kikao.

Huku mnasubiri, mgonjwa akae chumba chenye mlango wake na choo chake, ahudumiwe na watu wachache walewale, na kila anayeingia aandikwe jina na saa.

Sasa klorini. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo tunapoharibu. Tunahitaji nguvu mbili: asilimia 0.5 kwa sakafu, vyombo, matapishi na glovu, asilimia 0.05 kwa mikono mitupu. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70, kijiko cha chakula kilichosawazishwa kina takriban gramu 15. Ndoo ya lita 20: vijiko 10 unapata dawa kali, kijiko 1 unapata ya mikono. Kama mna klorini ya maji ya dukani ya asilimia 3.5, ile tunayoiita jiki, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji ni dawa kali. Dawa kali nayo ukiizimua, kikombe 1 kwa vikombe 9 vya maji, ni ya mikono.

Ndoo zote mbili zinafanana kwa macho, kwa hiyo ziandikwe kwa herufi kubwa. Mhudumu akinawa siku nzima kwenye ile kali ngozi yake itapasuka, na ngozi iliyopasuka ni mlango wa virusi. Dawa ichanganywe upya kila siku na ifunikwe, maana jua na joto vinaila. Unga ukiachwa wazi unapoteza nguvu vilevile. Msichanganye na sabuni wala tindikali. Acheni mashapo yatulie kabla ya kutia kwenye bomba la kunyunyizia, la sivyo litaziba. Na matapishi msiyapulizie moja kwa moja, mtayarusha hewani: tandika kitambaa juu yake, mwagia dawa kali taratibu, subiri dakika 15, ndipo ufute.

Vifaa kinga: kuvaa si tatizo kubwa, hatari iko kwenye kuvua. Mtu amechoka, jasho linamwingia machoni, miwani imejaa ukungu, mkono unapanda usoni wenyewe. Kwa hiyo asivue peke yake. Mwenzake asimame mbali kidogo, amsomee hatua moja moja kwa sauti, na mikono isafishwe kila baada ya hatua. Barakoa ivuliwe mwishoni, ikishikwa kwa mikanda ya nyuma, kamwe si kwa mbele.

Sampuli ya damu husafirishwa ikiwa imefungwa kwa tabaka tatu, katika ubaridi, na fomu haikai pamoja na chupa. Kumbukeni hili: damu iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze ikitoka hasi, mgonjwa haachiwi. Irudiwe saa 72 zikishapita.

Biharamulo walifuatiliwa watu 281 waliokuwa karibu na wagonjwa, kila mmoja siku 21. Kazi hiyo huanguka kwa mambo madogo: jina moja la utani kwenye orodha, mtaa haukuandikwa, mhudumu wa jamii hana nauli, familia haina chakula kwa kuwa mtafutaji kaambiwa asitoke. Halmashauri itenge unga, maharage na vocha za simu mapema, kama inavyotenga glovu. Mwenye njaa atatoka, wala hatatuambia nani aliyembeba.

Kwenye mazishi, mzungumze na familia kabla ya kugusa mwili. Muwaulize dua gani, nani asimame wapi, kaburi lielekee wapi. Wakiachiwa wao yanayowezekana, hawataiba maiti usiku waioshe wenyewe.

Sasa tutoke nje. Chini ya mwembe kuna ndoo, unga na kijiko. Kila zahanati ichanganye za kwake mbili, iziandike, halafu tupite tukizipima.