Mstaafu akiumwa nani analipa? Mazungumzo na waajiri na wastaafu, Tabora

Mwangaluka wazee wangu, shikamooni. Na nyie maafisa utumishi na wahasibu mliojibanza mlangoni kama mnataka kukimbia, sogeeni, leo ni zamu yenu.

Hali tunaijua wote. Mzee anakuja getini na rambo la risiti, za hospitali ya Kitete, za duka la dawa, za eksirei, zingine wino ushafutika, mlinzi anapiga simu juu, bosi akiwa anamfahamu mzee analipiwa, akiwa bosi mgeni anaambiwa njoo wiki ijayo. Hiyo sio sera jamani, ni huruma tu, na mkaguzi akiuliza hii laki tatu imelipwa kwa kifungu gani wote mnatazama dari.

Tenganisheni kwanza. Kuna presha, sukari, magoti, ya uzee hayo. Halafu kuna ugonjwa aliotoka nao kazini. Aliyechoronga miamba mgodini huko Nzega akavuta vumbi la silika, mapafu yanaweza kuanza kumsumbua miaka kumi au zaidi baadae, wa jineri za pamba ni kifua, wa karakana masikio. Huyu haombi msaada, anadai haki yake, na pa kuanzia ni WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ambao waajiri wanauchangia tangu Julai 2015. Mfuko unagharamia na matibabu, sio kidole kilichokatika tu! Sasa unakuta kampuni inachangia kila mwezi halafu bili bado inalipa yenyewe, kisa hakuna aliyejaza fomu.

Ila fomu inataka ushahidi, na hapa ndo nawaomba masikio. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mtu apimwe akiingia, akiwa kazini na akitoka. Ya kutoka ndo inarukwa, watu wote wako bize na mabati na godoro la kumuaga. Siku ile angepuliza kile kimashine cha mapafu, akapimwa masikio, akapigwa picha ya kifua, nakala moja ikabaki kwenye faili na moja akaondoka nayo. Bila hivyo baadae kampuni inasema ni sigara, mzee anasema ni vumbi, na daktari hana cha kulinganisha.

Hayo ya uzee fungeni mkataba na hospitali, mzee aende na barua ya dhamana, bili imfuate mhasibu mwisho wa mwezi. Kikomo cha gharama kwa mwaka kiandikwe, na muandike pia kama mke yumo au hayumo, ugomvi mwingi unaanzia hapo (na mwenye wake wawili je? mtajua wenyewe). Rufaa nayo, akiandikiwa hospitali ya Bugando kuna nauli ya Mwanza, pa kulala, kijana wa kumsindikiza, bajeti nyingi nilizoona hazina hicho kipengele kabisa.

Haya maswali. Mzee wa kofia anza wewe, ila hilo faili tutalisoma pembeni, mambo ya ugonjwa wako sio ya ukumbi mzima.