Mtume alisahihisha maneno, dufu akaliacha

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamdulillahi Rabbil aalamin, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake. Mashekhe, wazee wangu, vijana, na kina mama mlio upande wa pili: nimetakiwa nizungumzie nyimbo na muziki. Mfunguo Mosi umeingia, arusi zinafuatana, na kila mwaka ukifika wakati huu watu wa nyumba moja wanagombana. Huyu anasema kaswida haramu, yule anasema ruhusa yote, na bibi arusi ndani analia.

Basi tuanze na arusi. Rubayyi binti Muawwidh (R.A) anasimulia kwamba asubuhi ya arusi yake Mtume (S.A.W) aliingia akakaa kitandani kwake. Walikuwapo wasichana wanapiga dufu, ile ngoma bapa ya mkononi, na kuwasifu wazee wao waliouawa katika vita vya Badr, na baba yake Rubayyi alikuwa mmoja wa mashahidi hao. Msichana mmoja akachomeka ubeti wake: na kwetu yupo Nabii anayejua ya kesho. Mtume akamwambia, liache hilo, sema yale uliyokuwa ukiyasema. Hadithi hii imo katika Sahihi Bukhari.

Tazameni alichokigusa. Ubeti ule ulimpa kiumbe elimu ya ghaibu, yaani mambo yaliyofichika, nayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, basi Mtume akaukata papo hapo. Dufu hakuligusa. Sauti hakuigusa. Akawaambia waendelee. Mimi hadithi hii ndiyo ninayoishika kuliko zote katika mlango huu, kwa sababu Mtume mwenyewe yumo chumbani, anasikia, anahukumu.

Iko na ile ya Bibi Aisha (R.A) siku ya Idi. Wasichana wawili wa Kiansari wanaimba habari za Buath, vita vya watu wa Madina kabla ya Uislamu, Sayyidna Abubakar akaingia akakemea: zumari la shetani nyumbani kwa Mtume! Mtume akasema, waache ewe Abubakar, kila watu wana sikukuu yao, na hii ni sikukuu yetu. Lakini nisiwakatie hadithi nusu. Bibi Aisha mwenyewe ameongeza kuwa wale hawakuwa waimbaji wa kazi. Wanavyuoni wanaokataza wameshika hapo, na wana haki ya kushika.

Na upande wao una nguvu, ndugu zangu, msidanganywe. Katika Sura Luqman, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawataja wanaonunua maneno ya upuuzi ili wapoteze watu na njia yake, na sahaba Ibn Masoud aliapa kwamba makusudio yake ni uimbaji. Bukhari amepokea kwa Mtume kwamba watatokea katika umma huu watu watakaohalalisha zinaa, hariri, ulevi na maazifu, yaani ala za muziki. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 456 Hijria, alisema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, imekatika baina ya Bukhari na Hisham bin Ammar aliyemtaja kuipokea kwake, kwa hiyo akazihalalisha ala. Ibn Hajar, mfafanuzi wa Bukhari, akamjibu kwa kuileta hadithi ile ile kwa njia zilizoungana. Wengi katika madhehebu manne wako upande wa kukataza ala, na anayekuambia Uislamu hauna neno juu ya gitaa anakuficha.

Sasa sisi wa pwani hii ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na Minhaji, kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi, imesomeshwa misikitini mwetu vizazi kwa vizazi. Ifungueni mlango wa ushahidi. Kuimba bila ala, na kusikiliza, ni makuruhu, yaani hakupendezi lakini si haramu. Udi, ile ala ya nyuzi, na zumari la Kiiraki, haramu. Ikafika filimbi ya mchungaji: Imamu Rafii aliona haikatazwi, Nawawi akasema sahihi zaidi ni kuwa haramu. Maimamu wawili wakubwa, madhehebu moja, filimbi moja! Kisha dufu: inajuzu kwa arusi na tohara, na kwa mengineyo pia katika kauli iliyo sahihi zaidi, hata likiwa na njuga.

Kwa hiyo Habib Swaleh wa Lamu, aliyefariki 1935, alipoisomesha Maulidi ya Habshi, utungo wa kumsifu Mtume, kwa matari, yaani madufu, katika msikiti wa Riyadha, alikuwa na pa kuegemea. Walikuwapo wanavyuoni wa mji ule ule walioona msikiti si mahali pake, nao walikuwa na pao pa kuegemea. Hawakukufurishana.

Msimamo wangu ni huu. Dufu na kaswida yenye maneno safi arusini ni halali, na anayetoka kwa hasira amejinyima haki iliyothibiti kwa Mtume. Kinanda cha umeme ndani ya kaswida mimi sikipendi, naona tahadhari ya wengi ni bora, ila simwiti fasiki anayefuata kauli nyingine.

Ninaloumia nalo ni jengine. Tunabishana juu ya dufu, huku wimbo unaosifia uzinzi unapigwa kwenye spika hadi saa nane za usiku, mgonjwa wa jirani hapati usingizi, na Alfajiri msikiti mtupu. Maneno yale yangeingia masikioni mwa Mtume angenyamaza? Aliyekata ubeti mmoja wa msichana mdogo? Baba wa bibi arusi, kabla hujalipa kikundi, waite, waambie wakusomee watakachoimba. Panga saa ya kumaliza. Watenge wanaume na wanawake. Hayo yako mkononi mwako na hayahitaji fatwa.

Wallahu aalam. Tuingie kwenye maswali, na tuanze na karatasi zilizotoka upande wa kina mama.