Kansa ya wanaume: ramani iliyogeuka

(Mazungumzo mbele ya wanaume wanaozungumza Kiswahili, Louisville, Kentucky. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Wazee, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na nyinyi wa Bukavu na Uvira mliojibana kule nyuma karibu na mlango, jambo yenu. Sogeeni mbele, leo hakuna sadaka.

Nimeombwa niongee juu ya kansa na wanaume. Vitabuni wanaandika saratani, majumbani tunasema kansa, nitatumia yote mawili. Nianze na maneno niliyoyasikia tangu utoto na bado nayasikia hapa hapa Louisville: kansa ni ugonjwa wa mjini. Mjini kuna moshi, kuna soda, kuna nyama ya kopo. Kijijini mtu anakula mchicha wa shambani kwake, anavuta hewa safi, anakufa kwa uzee. Babu yangu aliamini hivyo na ushahidi alikuwa nao: hakuwahi kumjua mtu hata mmoja wa kijijini kwetu aliyekufa kwa kansa. Aliwajua waliokufa kwa "tumbo", na waliokufa kwa "kukohoa", na mmoja aliyekufa kwa "mkojo kufunga".

Mnacheka, lakini shikeni hapo hapo, tutaparudia.

Nchi hii imegawanywa katika kaunti zaidi ya 3,100. Kentucky peke yake ina 120. Sisi tumekaa ndani ya mojawapo, Jefferson. Mtu akifa hapa anaandikiwa cheti, na cheti kinasema mambo mawili tunayoyahitaji leo: marehemu aliishi kaunti gani, na nini kilimuua. Mwaka 1975 Taasisi ya Taifa ya Saratani ilichukua vifo vya kuanzia 1950 hadi 1969, ikavipanga kaunti kwa kaunti, ikachapisha ramani. Na kwenye ramani ile babu yangu angeshangilia. Kansa ya wanaume ilikuwa imejaa mijini, kwenye bandari na viwanda vya kaskazini mashariki. New Jersey, wanaume walikufa kwa kansa ya kibofu cha mkojo kuliko kwingine, na New Jersey ndiko kulikokuwa na viwanda vya kemikali.

Kulikuwa na doa moja lililowasumbua watafiti. Kaunti za pwani ya Georgia na Virginia zilikuwa na vifo vingi vya kansa ya mapafu kwa wanaume. Pwani! Penye upepo wa bahari! Wakaenda kuuliza, nyumba kwa nyumba, marehemu alifanya kazi gani. Jibu likawa karakana za meli. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vijana walimiminika kule kuunda meli za kivita, na mabomba ya meli yalifungwa kwa asbesto, nyuzi zile zinazopeperuka kama pamba na kukaa kwenye pafu. Wengine walifanya kazi ile muda mfupi tu, vita vikaisha, wakarudi kwenye maisha yao. Miaka 20, 30 baadaye ndipo vyeti vikaanza kuandikwa.

Kwa hiyo anayetazama ramani ya vifo vya kansa haoni hali ya hewa ya leo. Anaona kazi na tabia za wanaume wakiwa bado vijana.

Sasa turukie karne hii. Kati ya 2011 na 2015, kwa mujibu wa CDC, yaani taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, kaunti za vijijini zilikuwa na vifo vya saratani 180 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Miji mikubwa, 158. Hiyo ni wanaume na wanawake pamoja, na wanaume ndio tunaoivuta juu: nchi nzima, miaka ya karibuni, wanaume ni takriban 173 na wanawake takriban 126. Ramani imegeuka. Mjini, palipokuwa peusi, pamepauka, na kijijini ndiko kulikoiva.

Lakini subirini, kuna namba nyingine, na mimi hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Ukihesabu wanaougua badala ya wanaokufa, kijijini wako chini kidogo: 442 kwa kila watu 100,000, mjini 457. Maana yake wa kijijini anapata kansa kidogo kuliko wa mjini, halafu anakufa kwayo zaidi.

Kwa nini?

Sehemu kubwa ya jibu ni sigara. Sigara ilitembea kama suruali ya mtumba: mjini wameshaichoka, kijijini ndiyo kwanza wanaipiga pasi. Wanaume wa mijini walianza kuvuta sigara za pakiti mapema, wakafa mapema, wakaacha mapema. Tarehe 11 Januari 1964 Daktari Mkuu wa serikali, Luther Terry, alitoa ripoti kwamba sigara inaleta kansa ya mapafu kwa wanaume. Aliitoa Jumamosi, makusudi, soko la hisa likiwa limefungwa. Wakati ule zaidi ya nusu ya wanaume wa nchi hii walikuwa wanavuta. Baada ya hapo uvutaji ukaanza kushuka, ila haukushuka sawasawa. Mwenye shule na kazi ya ofisini aliacha kwanza. Mchimba makaa wa mashariki mwa Kentucky, mkulima wa tumbaku, dereva, hao walichelewa. Vifo vya kansa ya mapafu kwa wanaume nchi nzima vilifika kilele karibu na 1990, vikaanza kuteremka, na mijini vikateremka kwa kasi zaidi.

Na msisahau tuko wapi. Tumbaku hapa ilikuwa ada ya shule. Ilikuwa rehani ya nyumba. Kodi ya pakiti ya sigara Kentucky ilikuwa senti 3 hadi mwaka 2005. Senti tatu! Mwaka 2004 Lexington, katikati kabisa ya nchi ya tumbaku, ilipiga marufuku sigara kwenye baa na mikahawa, na Louisville ikafuata. Kaunti nyingi za mashambani hazikufuata, na sheria ya jimbo zima haijapatikana. Kwa hiyo kijana mhudumu wa mkahawa wa Lexington na mwenzake wa milimani, wamezaliwa mwaka mmoja, wamepumua moshi tofauti kwa miaka 20. Wakifika 60 tutawaona kwenye ramani.

Nyinyi mnaoendesha malori, na naona ni nusu ya ukumbi: moshi wa dizeli uliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha kansa, mwaka 2012. Sisemi muache kazi. Nasema usilale ndani ya lori injini inanguruma yadi nzima halafu ukaongeza na pakiti moja kwa siku.

Sehemu ya pili ya jibu ni barabara. Chukua mzee wa Hazard, milimani, amekutwa na kansa ya tezi dume. Kansa hii ikiwahiwa inatibika, na tiba mojawapo ni mionzi. Mionzi haipigwi siku moja ukaenda zako. Unakwenda Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki nne, na kwa utaratibu wa zamani wiki nane au tisa. Kila siku unalala kwenye meza dakika chache tu. Tuseme kituo anachotibiwa kiko Lexington. Kutoka Hazard ni karibu saa mbili kwa gari. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kwa dakika chache za mashine, mara 20 au mara 40. Mafuta nani analipa? Kazini nani anamwelewa? Mkewe haendeshi usiku. Mzee anafanya hesabu yake, anasema ngoja tuone kwanza. Tangu 2010 zaidi ya hospitali 100 za vijijini zimefungwa nchi hii, kwa hiyo hata yule daktari wa karibu ambaye angemwambia "usingoje" huenda hayupo tena.

Babu yangu naye "alingoja aone". Mtu wa "mkojo kufunga", mnamkumbuka? Alikuwa kaka yake. Ile ni tezi dume, karibu nina hakika. Kijijini kwetu kansa ilikuwapo, ila haikuwa na mtu wa kuiandika. Hata hapa Marekani, baadhi ya ile tofauti ya zamani kati ya mji na shamba ilitokana na kalamu: wa mjini alikufa mbele ya daktari mwenye darubini, wa shambani alikufa mbele ya mchungaji.

Ndiyo maana nawaomba mzisome hizi ramani kwa jicho la mnunuzi wa gari kuukuu. Kwanza, umri. Vijana wanakimbia kaunti za mashambani, wanabaki wazee, na kansa inapenda wazee. Ukilinganisha bila kusawazisha umri, ni sawa na kulinganisha misiba ya nyumba ya mababu na misiba ya hosteli ya chuo. Namba nilizowapa zimeshasawazishwa.

Pili, udogo. Kuna ramani ya vifo vya kansa ya figo kwa wanaume weupe, miaka ya 1980. Kaunti zenye viwango vya juu kabisa zilikuwa za mashambani, katikati ya nchi. Mtu anasema, aha, dawa za mashamba! Halafu unaangalia zenye viwango vya chini kabisa, nazo za mashambani, katikati ya nchi, nyingine zimepakana na zile za juu. Hakuna sumu wala baraka. Kaunti yenye watu elfu moja, akifa mmoja inaruka juu kileleni, asipokufa mtu inakuwa peponi.

Na kuna Union, Florida. Hii naipenda kuisimulia. Watafiti walipopima vifo vya saratani vya kaunti zote mwaka 2014, wastani wa nchi ulikuwa 192 kwa kila watu 100,000. Kaunti ya chini kabisa, Summit, Colorado, kwenye milima ya watelezaji theluji, ilikuwa kama 71. Ya juu kabisa ilikuwa Union, Florida: 503. Kakaunti kadogo, ka mashambani, watu kama 15,000. Mnadhani wanakunywa nini kule? Hawanywi chochote. Kule ndiko liliko gereza lenye hospitali ya wafungwa wa jimbo. Wanaume wanaugua magereza mengine, wanaletwa pale, wanafia pale, na cheti kinaandikwa Union. Ramani haikudanganya: wanaume wale ni wa kweli na wamekufa kweli. Ila walikotoka ni Miami, Tampa, Jacksonville. Ni mji umejificha ndani ya shamba.

Na mji nao si kitu kimoja. Hapa hapa Jefferson, mtu wa magharibi ya Louisville na mtu wa mashariki wanaachana zaidi ya miaka 10 ya umri wa kuishi, na wote kwenye hesabu ya kaunti wanaitwa "mjini". Mwanamume mweusi nchi hii anakufa kwa kansa ya tezi dume karibu mara mbili ya mweupe. Takwimu zinatutia kisanduku kimoja, aliyezaliwa Alabama na aliyezaliwa Goma. Hilo nalo lina walakini wake, lakini ukifika miaka 45 mwambie daktari uzungumze naye habari za kipimo cha damu cha tezi. Kumwuliza hakupunguzi uanaume wa mtu.

Nisiwaache na giza tupu. Mwaka 1999 ni kama theluthi moja tu ya watu wa Kentucky wa umri unaotakiwa waliokuwa wamepimwa utumbo mpana. Jimbo lilikuwa karibu na mkia. Watu wa programu ya kansa wakaenda wilaya kwa wilaya na namba za kaunti zenyewe, wakawaonyesha wenyeji: hivi ndivyo mnavyokufa nyinyi, si wa Lexington, nyinyi. Kufikia 2008 waliopimwa walipita asilimia 60, na vifo vya kansa ya utumbo vikashuka, mashambani pia. Hali ya hewa ilikuwa ile ile na milima ile ile.

Maswali. Ndiyo, kijana wa shati la bluu... Anauliza: amepata kazi kiwanda cha nyama, mji mdogo, nyumba kule ni nusu ya bei ya hapa. Je, asihame?

Hama, mdogo wangu. Nyumba ya bei nafuu ni jambo jema. Lakini nyumba nyingi hapa zina chumba cha chini ya ardhi, na ardhi ya Kentucky ina chokaa nyingi inayopitisha gesi ya radoni, ambayo baada ya sigara ndiyo inayoongoza kuleta kansa ya mapafu. Nunua kipimo cha radoni, si ghali, kiweke chini siku chache kabla hujahamishia watoto huko. Na tafuta daktari wa kudumu sasa, ukiwa mzima.

Mzee hapa mbele anarudi kwenye utumbo mpana, anauliza kama kupimwa ni lazima kuingiziwa kamera. Si lazima, mzee wangu. Kuna kipimo cha kinyesi unachofanyia nyumbani, kuanzia miaka 45, kila mwaka. Damu ikionekana ndipo kamera. Unaomba kwa daktari, kinakuja kwa posta, unakirudisha kwa posta, hata uishi milimani. Andika tarehe uliyochukua kwenye kile kichupa. Kisicho na tarehe maabara wanakitupa, na wengi wetu tunasahau hapo.