Ukiuza Biashara, Mikataba Yake Inakwenda na Nani?

Ndugu zangu wafanyabiashara, mtu akiuza karakana au kampuni yake, mikataba aliyokwisha kuifunga inahamia kwa mnunuzi?

Inategemea yeye anadai au anadaiwa. Deni unalomdai mtu ni mali yako. Unaweza kulihawilisha, yaani kulihamisha, kwa benki au kwa mnunuzi, na kwa kawaida mdaiwa hana kipingamizi, kwa sababu mzigo wake haukuongezeka. Lakini ukidaiwa kazi, huwezi kusema, "Kuanzia leo umdai fulani," ukaondoka. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 40, inakuruhusu kumtuma mtu mwenye uwezo aitimize ahadi yako, ila pale ilipokusudiwa uitimize mwenyewe. Na hata ukimtuma, kazi ikiharibika anayeulizwa ni wewe.

Ipi basi ni kazi ya mwenyewe? Mahakama za Uingereza zimelihangaikia sana swali hili. Mwaka 1831, katika Robson dhidi ya Drummond, mteja alikodi gari la farasi kwa miaka 5 kutoka kwa Sharp, ambaye angelipaka rangi na kulitengeneza. Miaka 3 ikapita, Sharp akastaafu, mshirika wake Robson akataka kuendelea. Mteja akakataa, naye akashinda: alikuwa amemchagua Sharp. Mwaka 1880, kampuni ya Parkgate iliyokodisha mabehewa ya mizigo kwa miaka 7, na kuahidi kuyakarabati, ilihamishia mikataba hiyo kwa British Waggon. Lea, aliyeyakodi, akagoma kulipa. Akaambiwa alipe, maana ukarabati ule fundi yeyote wa kazi hiyo angeuweza. Kwangu mimi hukumu hii ya pili ndiyo inayofanana na biashara ilivyo.

Linaloniumiza ni watu kununua madeni bila kumjulisha mdaiwa. Asipojua, akamlipa mdai wa zamani kwa nia njema, deni limekwisha. Wewe baki ukimfukuza aliyekuuzia. Katika Dearle dhidi ya Hall, iliyokamilika mwaka 1828, Brown alikuwa na haki ya pauni 93 kwa mwaka kutoka mirathi ya baba yake. Aliihawilisha kwa Dearle, kisha kwa Sherring, kisha akamuuzia Hall. Hall alikuja mwisho, lakini ndiye aliyewauliza wasimamizi wa mirathi na kuwapa taarifa. Akawatangulia wote. Kwa hiyo andika barua, na nakala yako isainiwe kwamba imepokelewa.

Ukitaka kujivua wajibu kabisa, kaeni watatu: wewe, mnunuzi na uliyemwahidi, mfunge mkataba mpya badala ya ule wa zamani. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Mikataba kinautambua. Kabla ya hapo, tafuta kwenye mkataba wa zamani sharti la kukataza kuhamisha bila ridhaa ya maandishi. Mwaka 1993, katika kesi ya Linden Gardens, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa kuutambua uhamisho uliokiuka sharti kama hilo.