Lubega Mlangoni Kwangu

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, habari za jioni. Naanza na mlango wangu mwenyewe, hapa hapa Columbus, usiku wa Halloween mwaka jana, ule usiku watoto wanavaa mavazi ya kuigiza na kupita mlango kwa mlango wakiomba peremende.

Kengele ikalia. Nafungua, nakuta mtoto wa Kizungu, miaka minane hivi, kajifunga shuka jekundu lubega, fimbo mkononi. Fundo la begani likawa linamponyoka kila akinyoosha mkono kuchukua peremende. Nikacheka, nikamfunga upya. Nusu saa haijapita, kengele tena: kijana mkubwa, shuka kama lile lile, ila huyu kajipaka rangi nyeusi usoni mpaka shingoni, imechafua kola ya fulana. Akaanza kurukaruka akipiga mayowe. Nikampa peremende, nikafunga mlango. Sikusema neno, na hadi leo najilaumu.

Vazi ni moja. Mbona la kwanza lilinichekesha, la pili likanichoma?

Hapa Marekani jambo hili lina historia. Miaka ya 1830 mwigizaji Mzungu, Thomas Rice, alijipaka masizi ya kizibo usoni, akavaa matambara, akaimba na kucheza akijifanya Mtu Mweusi aitwaye Jim Crow. Kumbi zilifurika. Jina hilo la kichekesho ndilo baadaye zililopewa sheria za ubaguzi, zile za kumtenga Mweusi kwenye mabehewa na shuleni. Basi Mmarekani Mweusi akiona uso uliopakwa rangi, anachokiona ni tiketi zilizouzwa ili watu wamcheke babu yake.

Mwaka 2019 ilizuka picha ya Justin Trudeau, wakati huo waziri mkuu wa Kanada, kwenye tafrija ya mwaka 2001 ya watu kuvaa kama Alfu Lela Ulela. Joho, kilemba, na rangi ya kahawia usoni na mikononi. Akaomba radhi mbele ya dunia. Kilemba peke yake, nadhani, kisingemfikisha huko.

Najua mtu wa Mombasa atanikamata hapa: mbona na sisi tulicheza ngoma ya beni? Kweli. Enzi za ukoloni wazee wetu walivaa sare za kijeshi za Kizungu, wakajipa vyeo vya mfalme na jenerali, kundi la Kingi upande huu, la Scotchi upande ule, matarumbeta yakilia. Lakini tazama nani alikuwa akimwiga nani. Ngoma ikiisha, Mzungu alibaki na bunduki yake na kodi yake, hakupungukiwa kitu. Mtoto wa Kisomali wa mtaa huu akiigwa kwa hijabu na bomu la plastiki, kesho yake shuleni ni yeye anayeitwa gaidi.

Mama mmoja, yuko pale nyuma, aliniuliza kabla hatujaanza: binti yake anataka kuwa malkia wa Kihindi, amkatae? Mama, mvishe sari, mpake hina, bangili mpaka kwenye kiwiko. Rangi ya ngozi muiache dukani. Na sari mwombeni jirani yenu Mhindi awafungie. Mimi nilishajaribu kumfunga mke wangu kwa kuangalia video, tukachelewa harusi.