Dakika 38 za nani? Mhadhara kuhusu tarehe 27 Agosti

Assalaam aleikum, na habari za jioni. Asante mwenyekiti. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliolazimishwa kuja, karibuni. Nimepewa nusu saa, na wanaonifahamu wameshaanza kucheka.

Mnakijua kile kipindi cha asubuhi redioni, "Siku kama ya leo". Mwaka fulani alizaliwa mfalme fulani, mwaka fulani meli ilizama, mwaka fulani mtu alikanyaga mwezi, kisha tangazo la sabuni ya kufulia. Na sabuni sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba tukio linaletwa limekatwa kichwa na miguu: halina lililolitangulia wala lililolifuata. Na sasa simu nazo zimedakia. Kila ikifika tarehe 27 Agosti napokea ujumbe uleule, na safari hii aliyenitumia ni mwanangu wa kumzaa: "Je, wajua? Vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa Zanzibar mwaka 1896. Dakika 38 tu!" Mwishoni kuna kile kiuso kinachocheka mpaka machozi.

Haya. Tukae hapo hapo kwenye dakika 38.

Kisa chenyewe mnakijua, sitakisimulia chote. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Jumanne, tarehe 25 Agosti. Kabla hata hajazikwa, binamu yake, Khalid bin Barghash, aliingia jumba la kifalme na watu wake akajitangaza Sultani. Zanzibar ilikuwa himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walishaamua kwamba hakuna atakayekalia kiti kile bila ridhaa yao. Mtu wao alikuwa Hamud bin Mohammed. Balozi wao mkuu, Arthur Hardinge, hakuwepo. Aliyekaimu ni Basil Cave. Akampa Khalid onyo la mwisho: teremsha bendera, toka nje kabla ya saa 3 asubuhi ya Alhamisi. Khalid akajibu kwamba bendera hateremshi, na kwamba haamini kama watampiga. Cave akamjibu kwamba hawapendi kupiga, lakini asipotii watapiga. Saa 3 na dakika 2 manowari zao bandarini zikalipiga jumba.

Sasa nawauliza swali ambalo wanafunzi wangu wamechoka nalo: saa ilikuwa mkononi mwa nani?

Dakika 38 ni hesabu ya manowari. Wako wanaosema 38, wako wanaosema 40, wako wanaong'ang'ania 45, na wanabishana kwa bidii kweli kweli, huyu anahesabu tangu mzinga wa kwanza, yule tangu muda wa onyo ulipokwisha. Sijawahi kuona ubishi wa aina hiyo juu ya maiti. Upande wa jumba, watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa. Upande wa manowari, baharia mmoja alijeruhiwa vibaya, na alipona. Na hao waliokuwa ndani msidhani wote ni askari wa kulipwa na majambia kiunoni. Walikuwemo raia, walikuwemo watumishi, walikuwemo watumwa wa jumba, ambao hakuna aliyewauliza kama wanamtaka Khalid au Hamud. Jumba lenyewe sehemu kubwa ilikuwa ya mbao. Makombora yakaingia, moto ukashika. Mwenye jamaa yake mle ndani hakuviona hivyo kuwa vita vifupi.

Tena, waliokuwa Unguja siku ile hawakuamka "tarehe 27 Agosti". Waliamka Alhamisi ya Mfungo Sita, mwaka 1314, Maulidi yamepita juzijuzi tu. Watu walikuwa bado wanarudishiana sinia za Maulidi! Hilo hamtalipata kwenye "Siku kama ya leo", kwa sababu kalenda iliyotumika kuhifadhi tukio ni ya aliyepiga, si ya aliyepigwa.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Mwalimu, hayo ni mambo ya Wazanzibari, sisi Mombasa yanatuhusu nini?" Afadhali umefikiri hivyo, maana hapo ndipo ninapopataka. Huyo Hamad aliyekufa alikuwa Sultani wako pia. Desemba 1895, miezi michache tu kabla ya kufa, ndiye aliyetia saini mkataba wa kuwaachia Waingereza uendeshaji wa ukanda huu wa pwani, maili kumi kutoka baharini, na bendera yake ikabaki inapepea Fort Jesus. Ilipepea hapo hadi 1963. Baada ya mizinga kunyamaza na uporaji kuanza mjini Unguja, hasa kwenye maduka ya Wahindi, askari wa Kisikh 150 waliopelekwa kutuliza mitaa walitolewa wapi? Mombasa. Na Khalid mwenyewe amekufa wapi? Mombasa, mwaka 1927. Lakini tumekaa tunasema si yetu.

Halafu kuna yule admirali. Naombeni mnivumilie hapa, maana hili nikiliacha silali. Aliyeamuru mizinga ipigwe anaitwa Harry Rawson, na manowari yake ni St George. Kwenye ujumbe wa simu Rawson hatajwi, na akitajwa anaonekana kama mtu aliyejikuta Unguja kwa bahati mbaya. Sasa rudini nyuma mwaka mmoja. Agosti 1895, Rawson huyu huyu anaongoza mabaharia na askari kwenda Mwele, hapa nyuma ya Gazi, kuivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid el-Mazrui, aliyekataa utawala mpya wa Waingereza. Agosti 1896, yuko Unguja. Februari 1897, yuko Afrika Magharibi, anaongoza jeshi lililouchoma mji wa Benin, Nigeria ya leo, na kubeba vile vinyago vya shaba ambavyo mpaka leo Wanigeria wanavidai kwenye makumbusho ya Ulaya. Miezi kumi na minane, miji mitatu, mtu mmoja. Ukiisoma 27 Agosti peke yake, ni kituko cha dakika 38 na Sultani mkaidi. Ukiiweka kati ya Mwele na Benin, ni kazi ya kawaida ya ofisi, na huyo bwana yuko zamu.

Nendeni nyuma zaidi. Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walikaa wakagawana: Ujerumani ikakubali kwamba Zanzibar iwe chini ya Uingereza, ikaacha na madai yake ya Witu, huko pwani karibu na Lamu, na yenyewe ikaondoka na kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini. Ukoo wa Busaidi, ukoo wa masultani, wote kwa pamoja haukuwa na hata kiti kwenye mkutano ule. Mizinga ya 1896 ilikuwa inatia muhuri tu.

Na vifaa vyenyewe vya vita! Jumba lilikuwa na mizinga miwili, zawadi ya Kaisari wa Ujerumani. Meli ya Sultani, ile Glasgow, ilikuwa imejengwa Uingereza kwa kufuata mfano wa manowari ya Kiingereza iliyomvutia Barghash, baba yake Khalid. Ikathubutu kuipiga St George. Ikazamishwa pale pale bandarini, milingoti ikabaki nje ya maji, na mabaki yake yakakaa pale mpaka 1912. Miaka kumi na sita! Kila anayeingia Unguja kwa bahari anapishana na ile milingoti. Bado mnataka kuniambia dakika 38?

Kisha bili. Hili ndilo wanafunzi hukataa kuliamini. Wafuasi wa Khalid walitozwa fidia ya uporaji, sawa, lakini pia gharama ya makombora waliyopigwa nayo. Jumla rupia 300,000. Unapigwa, halafu unaletewa risiti ya fimbo.

Sasa ngojeni, naona mkono kule. La, maswali baadaye, lakini najua unachotaka kusema, nimeshakisikia mara nyingi: "Lakini Mwalimu, Waingereza ndio waliokomesha utumwa, na Khalid angeuendeleza." Khalid si shujaa wangu. Alikuwa mtu wa jumba, na jumba lilikula jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu. Ila soma vizuri. Hamud, ambaye Waingereza walimkalisha kwenye kiti, alitangaza mwaka 1897 kwamba utumwa hautambuliwi tena kisheria. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, mwenye mtumwa akalipwa fidia, na masuria hawakuhusishwa. Walisubiri hadi 1909. Kwa hiyo mtu akinipa 1896 kama mwaka wa ukombozi, namwuliza: wa nani, na kwa bei gani?

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Wajerumani wakakataa kumtoa. Waingereza wakaweka walinzi nje: akikanyaga tu ardhi ya Zanzibar, anakamatwa. Basi tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa mpaka kwenye bustani ya ubalozi, mashua ya meli ya Kijerumani Seeadler ikaja hadi mlangoni, Khalid akapanda bila unyayo wake kugusa mchanga wa himaya, akapelekwa Dar es Salaam. Akakaa huko hadi Waingereza walipomkamata 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakampeleka Shelisheli na St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Kwake yeye ile Alhamisi iliisha 1927.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona, naona.

Nilipanga kuzungumzia matukio mengine manne ya tarehe hiyohiyo, nitayapitia mbiombio. Mwaka 1883, mlima Krakatoa ulipasuka kule Indonesia. Zaidi ya watu 36,000 walikufa, wengi kwa mawimbi ya bahari, na mshindo ulisikika kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800, bahari hii hii yetu. Mawe yake mepesi yanayoelea yalikuja mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Wenzangu wa jiografia waulizwe kwa nini hawalifundishi kama jambo la Bahari ya Hindi.

Mwaka 1975, Haile Selassie alifariki Addis Ababa akiwa kizuizini. Serikali ya kijeshi ikasema ni ugonjwa. Mwaka 1992 mifupa yake ikafukuliwa ndani ya viwanja vya jumba la kifalme, imefukiwa chini ya choo, na maziko ya heshima yakasubiri hadi Novemba 2000. Hapo nilikuwa na mengi, basi.

Na 2010, Uhuru Park, Rais Kibaki anatia saini Katiba yetu. Hii mnaikumbuka wenyewe, na mnakumbuka pia mgeni aliyekaa jukwaani siku hiyo, Omar al-Bashir, Rais wa Sudan wakati ule, na hati ya kukamatwa kutoka mahakama ya kimataifa ya The Hague iko juu ya kichwa chake. Redio zetu zitawaambia "siku kama ya leo tulipata Katiba". Tulipata? Kura ya 4 Agosti iko wapi? Rasimu iliyokataliwa na wananchi Novemba 2005 iko wapi? Watu zaidi ya 1,100 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007 wako wapi katika sentensi hiyo? Na waliopigwa virungu mitaani tangu miaka ya tisini wakidai katiba hiyohiyo? Walimu, mtoto akikuandikia "27 Agosti 2010" akaishia hapo, mpe alama moja, si zaidi.

La Paris la 1928, mataifa 15 yalipotia saini tarehe hiyohiyo kwamba hayatafanya vita tena, Uingereza ikiwemo, nalitupa. Mngecheka tu, na muda hakuna.

Haya, maswali. Yule kijana wa nyuma aliyekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja rupia, aanze yeye.